Mafuta ya nazi: ya kupika, ya baridi au ya kiwandani?

Juzi shoga yangu aliyeolewa Arusha alinipigia simu akiwa amesimama dukani. Mbele yake kulikuwa na mafuta ya nazi ya aina tatu. Ya kwanza yamo kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyotumika tena, haina lebo, yametoka kwa mama mmoja wa Tanga. Ya pili yamo kwenye chupa ya kioo yenye lebo nzuri na neno "virgin", bei yake karibu mara tatu ya yale ya kwanza. Ya tatu ni galoni ya kiwandani, mafuta meupe yasiyonukia chochote. Yote yalikuwa yameganda kwa baridi, na hilo nalo lilimtia wasiwasi. "Nichukue yapi, shoga?" Nikamwuliza anataka ya kufanyia nini. "Ya kila kitu. Mtoto ana miezi minne, nywele zangu zinakatika, na nataka kupika vitumbua vinavyonukia kama vya nyumbani."

Salio likaisha kabla sijamaliza kumjibu. Kwa hiyo namjibu hapa, pamoja na wengine wote waliosimama mbele ya rafu kama hiyo.

Nimekulia Pangani. Bibi yangu alipika mafuta ya nazi ya kuuza, na mimi mwenyewe natengeneza ya baridi, lita chache kila mwezi. Ya kiwandani nayatumia kwa sabuni. Yote matatu yamepita mikononi mwangu na sina sababu ya kuyaonea hata moja.

Nitayapima kwa mambo yaleyale: yanatengenezwaje, yananukiaje, yanavumiliaje moto, yanaifaaje ngozi na nywele, yanakaa muda gani bila kuharibika, na yanagharimu kiasi gani kwa fedha na kwa jasho. Habari ya moyo nimeiweka peke yake, kwa sababu hapo yote matatu ni ndugu wa tumbo moja.

Yanavyotengenezwa

Mafuta ya kupika ndiyo waliyotuachia mabibi zetu. Nazi ziwe zimekomaa, siyo koroma. Zinavunjwa, zinakunwa kwa mbuzi, nazi iliyokunwa inatiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu mpaka yabaki machicha makavu. Tui linamiminwa kwenye sufuria pana, chini moto wa makumbi na vifuu. Mwanzoni linatoa povu jingi linalotaka kumwagika, na upawa hautoki mkononi. Baadaye linakatika, mabonge meupe yanajitenga na maji, kisha linaendelea kutokota kwa muda mrefu huku likipasukapasuka kama mvua juu ya bati. Bibi hakuwa akitazama sana ndani ya sufuria. Alikuwa akisikiliza. "Mjukuu wangu, mafuta yakinyamaza yameiva," ndivyo alivyonifundisha. Ukimya ule maana yake maji yote yamekwisha. Ukichelewa kidogo tu kuepua, mashapo yanaungua na mafuta yanakuwa ya kahawia yenye uchungu. Mashapo yenyewe, ambayo tukiyaita shata, yalikuwa ujira wetu watoto. Tuliyala na sukari yakiwa bado ya moto, tukigombania yaliyoshika ukingoni mwa sufuria.

Mafuta ya baridi, ambayo wengine huyaita mafuta bikira, hutoka kwenye nazi hiyohiyo mbichi lakini hayachemshwi. Mimi nayapata kwa kuchachua. Kasimile, lile tui zito la kwanza, naliweka kwenye chombo cha kioo kilichooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa. Nalifunika kwa kitambaa na kuliacha penye joto la nyuzi 30 hadi 40 kwa saa 16 hadi 24. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyoshikwa na protini ndani ya maji. Vijidudu vinapotengeneza asidi, protini ile inalegea na matone yanakutana. Asubuhi nikiinua kitambaa naona tabaka moja juu ya jingine: utando mweupe, chini yake mafuta maangavu kama maji ya chemchemi, kisha mtindi mzito wa nazi, na chini kabisa maji yenye uchachu. Nayateka mafuta taratibu kwa kijiko kirefu, nayachuja kwa pamba safi, halafu bakuli naliweka juu ya sufuria ya maji ya moto kwa muda ili unyevu uliobaki utoke. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na nitairudia hapa chini kwa sababu ndiyo inayoharibu biashara za watu.

Wenye mtaji hutumia mashine inayozungusha tui kwa kasi mpaka mafuta yajitenge na maji, kama krimu inavyotengwa na maziwa. Njia nyingine ni kukausha nazi iliyokunwa na kuikamua papo hapo. Miaka ya 1990 Mwaustralia Dan Etherington alibuni kinu cha mkono kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki: nazi inakunwa, inakaushwa juu ya bati lenye moto chini, inakamuliwa, na mafuta yanaanza kutoka ndani ya saa moja hivi tangu nazi ivunjwe. Nimelitaja hili makusudi, kwa sababu mafuta hayo nayo huuzwa kwa jina la "virgin" ingawa nazi yake imepitia juu ya bati la moto. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, hakikatazi joto. Kinachotakiwa ni mafuta yapatikane kwa kukamua, kutuamisha, kuzungusha kwa mashine, kuosha kwa maji na kuchuja tu, na joto lisibadilishe asili yake. Kwa maana hiyo mafuta ya bibi yaliyoepuliwa kwa wakati hayako mbali na ukoo huo. Neno "extra" ambalo wengine huliongeza kwenye lebo lina daraja lake kwa mafuta ya zeituni. Kwa nazi ni pambo.

Mafuta ya kiwandani huanzia kwenye mbata. Nazi inaachwa mpaka nyama yake ikauke na kujibandua ndani ya kifuu, ukiitikisa unaisikia ikigonga, au inapasuliwa na kuanikwa juani ama kukaushwa kwa moshi. Unyevu unatakiwa ushuke kutoka karibu asilimia 50 mpaka 6 au 7, na hapo mafuta yanakuwa zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa mbata. Kiwandani inasagwa na kukamuliwa, kisha mafuta yanaondolewa asidi, yanapaushwa kwa udongo maalumu, na mwisho yanapitishiwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 200 ili harufu itoke.

Kuna wanaozisikia hatua hizo na kukimbia. Mimi naziona kwa jicho jingine. Mbata iliyoanikwa hovyo, ikanyeshewa, ikarundikwa ghalani, huota ukungu, na ukungu unaweza kuacha sumukuvu. Iliyokaushwa kwa moshi hubeba vitu vya moshi. Usafishaji wa kiwandani upo ili kuviondoa. Ninayoyaogopa ni mafuta ya mbata yaliyokamuliwa mtaani na kuuzwa yalivyo, ya njano iliyokolea, yenye harufu ya gunia. Hayo ni ya sabuni. Msimpe mtu ale.

Harufu na ladha

Ya kupika yananukia nazi iliyokaangwa, harufu inayokaribia ya kashata. Vitumbua vilivyopikwa kwa mafuta hayo huvitambua hata kabla ya kuvuka kizingiti. Ya baridi yananukia nazi mbichi, kama ile unayoisikia unapoanza kukuna. Ni mazuri kijiko kimoja juu ya mchicha uliokwisha kuiva, au kwenye maharage yakishaepuliwa. Ya kiwandani hayana harufu wala ladha, na kwa anayekaanga samaki asiyetaka anukie nazi, au anayeoka keki ya limau, hiyo ni sifa.

Neno moja kuhusu uchachu. Kuna wauzaji wanaosema mafuta ya baridi yakinukia uchachu ndiyo dalili kwamba ni ya asili. Si kweli. Uchachu ni wa yale maji ya chini, na ukiusikia kwenye chupa ujue maji yamepanda na mafuta.

Mbele ya moto

Mafuta ya baridi huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi. Ya kupika nayo hayajasafishwa, na kama yana chembe za mashapo yatawahi hata zaidi kuungua. Ya kiwandani huvumilia mpaka nyuzi 200 na kitu. Kukaanga kwa mafuta mengi, kama mihogo, samaki au maandazi, huwa kati ya nyuzi 170 na 190. Hesabu ni rahisi kuiona: kwa kukaanga kwa kina, ya kiwandani yana nafasi, mengine yako ukingoni. Kwa kitumbua chenye kijiko kimoja cha mafuta kwenye tundu na moto wa wastani, ya kupika yanatosha kabisa, na ladha yake hakuna wa kuishinda. Ya baridi kuyatia kwenye karai la kukaangia ni kuunguza fedha. Harufu uliyoilipia inakwenda na moshi.

Ngozi na nywele

Hapa ndipo maneno ni mengi, basi twende polepole.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi, ya aina yoyote kati ya hizi tatu, ni asidi ya lauriki. Molekyuli yake ni fupi na imenyooka, nayo huingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha ulinganisho wa mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini (yale yanayotokana na petroli) kwenye nywele. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini zinapooshwa na kuchanwa. Yapake kabla ya kuosha, saa chache au usiku kucha, ndipo utaona faida. Na kwa kazi hii sioni haja ya kununua chupa ya bei kubwa: ya kupika yanafanya, ya kiwandani yanafanya. Bibi alikuwa akitia maua ya asumini ndani ya mafuta yaliyopoa, lakini kwanza aliyakausha kivulini siku mbili tatu. Ua bichi lina maji, na maji ni adui wa mafuta.

Mwenye mba wa kichwani aangalie. Fangasi wanaohusika na mba hujilisha asidi za mafuta, na hizi za nazi zimo kwenye chakula chao. Ukiona mba unazidi baada ya kupaka, usilaumu shampuu. Wapo pia ambao nywele zao hukakamaa kwa mafuta ya nazi. Kwao kidogo kwenye ncha kinatosha.

Kwa ngozi kavu na kwa watoto, mafuta ya baridi yana ushahidi wake. Mwaka 2014 madaktari wa Ufilipino walichapisha matokeo ya watoto wenye pumu ya ngozi waliopakwa mafuta ya baridi ya nazi, wakilinganishwa na waliopakwa mafuta ya madini. Baada ya wiki 8 waliopakwa ya nazi walikuwa na nafuu kubwa zaidi, na ngozi yao ilishika unyevu vizuri zaidi. Hayo ndiyo ningempaka mtoto mchanga, kwa sababu mafuta ya baridi yaliyotengenezwa vizuri yana kidogo sana asidi huru, ile inayojitenga mafuta yanapovunjika. Jumuiya ya nchi za nazi za Asia na Pasifiki iliweka ukomo wa asilimia 0.2. Asidi huru ndiyo inayowasha ngozi laini. Ya kupika yaliyo mapya, yaliyoiva na kukauka, yanamfaa mtoto pia, na vizazi vyote vya pwani vimekandwa kwayo. Yakishazeeka na kuanza kukereketa, yaondoe kwa mtoto. Ya kiwandani hayana ubaya kwa ngozi, ila galoni za kupikia si za kumpaka mtoto zikishafunguliwa na kuchovywa kila siku.

Mambo mawili ya haraka. Uso wenye chunusi uyaepuke yote matatu, maana huziba vinyweleo. Na mafuta ya nazi hayakingi jua, msidanganyane. Watu wenye ualbino hasa wasiyategemee, watumie losheni za kukinga jua wanazopewa kliniki. La tatu nilitaka kuliacha, lakini wasomaji ni watu wazima: mafuta yoyote, pamoja na haya, hudhoofisha kondomu za mpira na kuzipasua.

Yanakaa muda gani

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua chupa nne za mafuta ya baridi kwenye maonyesho, kwa mtengenezaji ambaye lebo yake ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote pale. Nikawapelekea ndugu zangu zawadi. Wiki ya tatu shangazi akanipigia: "Mwanangu, haya mafuta yako yananuka maziwa yaliyolala." Nikaiinua chupa yangu kwenye mwanga. Chini kabisa, pale kioo kinapopinda, kulikuwa na vitone vya maji vinavyotembea kama zebaki. Mafuta juu yalikuwa safi. Kosa lote lilikuwa pale chini.

Maji yakibaki ndani ya mafuta huendelea kuyavunja na kutoa asidi huru, na asidi hiyo ndiyo harufu na mkereketo wa kooni. Ndiyo sababu nasema ugomvi wa "yalipita moto au hayakupita" umetushughulisha kuliko unavyostahili. Mafuta ya kupika yaliyoepuliwa baada ya kunyamaza hayana maji, na yakiwekwa kwenye chupa kavu hukaa miezi mingi. Ya baridi yaliyokaushwa vizuri hukaa mwaka au zaidi. Ya baridi yaliyoharakishwa sokoni yanaharibika kabla ya yale ya bibi. Ya kiwandani yametoka yakiwa makavu na hukaa muda mrefu, tena bila kukutegemea sana.

Hata ile imani kwamba moto umeua kila kitu kizuri ina walakini. Watafiti wa Sri Lanka walichapisha mwaka 2009 kwamba mafuta yaliyotolewa kwa kuchemsha tui yalikuwa na fenoliki nyingi zaidi, zile kinga dhidi ya kuchacha, kuliko yaliyotolewa kwa baridi. Bibi hakuwa na maabara, lakini sufuria yake haikuwa ya kudharauliwa.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Yayeyushe mafuta kwa kuiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu, iinue kwenye mwanga, tazama chini. Mafuta ya baridi yakiyeyuka yawe kama maji, bila rangi. Ya kupika huwa na unjano mwepesi, na hilo si kosa. Onja tone: yasikerekete koo. Nusa: yasiwe na uchachu wala harufu ya sabuni.

Na kuganda si dalili ya udanganyifu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo Arusha, Mbeya au Nairobi yatakuwa meupe karibu mwaka mzima. Hata hapa pwani, Julai upepo wa kusi ukivuma, asubuhi nakuta mafuta yamefanya weupe chupani. Kinyume chake ndicho cha kutilia shaka: mafuta yaliyokaa kwenye friji na yakabaki majimaji yamechanganywa na mengine, mara nyingi alizeti. Lakini kipimo hiki hakikamati kila mjanja, maana mafuta ya kiini cha mchikichi huganda karibu vilevile.

Fedha na jasho

Kwa nazi zetu za kawaida hesabu 12 hadi 15 kwa lita moja, zaidi zikiwa ndogo. Zidisha kwa bei ya nazi ya msimu huo ndipo utaelewa kwa nini chupa ya kioo ni ghali, na kwa nini ukiiona ya "virgin" inauzwa chini ya bei ya nazi zenyewe unapaswa kuirudisha rafuni. Kuchachua hubakiza mafuta kwenye ule mtindi, kwa hiyo ya baridi hutoka machache kidogo. Mimi mtindi huo naupika baadaye na kupata ya kukaangia. Ya kupika yanakula kuni na mchana mzima wa mtu, tena mbele ya moshi. Ya kiwandani ni rahisi kwa sababu mbata husafiri na kukaa ghalani, na mashine hukamua tani kwa wakati. Kwa mwenye familia kubwa tofauti hiyo si ndogo, na hakuna aibu kuifuata.

Moyo

Chupa zote tatu zina kitu kimoja ndani: karibu asilimia 90 ni mafuta yaliyoshiba. Ya mawese yana karibu 50, ya alizeti karibu 11. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi kina gramu 12 hivi za mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo ni gramu 22. Vijiko viwili umekwisha kuzidi, hujala nyama wala maziwa. Mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri watu wasiyatumie kwa sababu yanapandisha kolesteroli mbaya, na majaribio yaliyofanywa kwa watu yanaonyesha hivyo, ingawa kolesteroli nzuri nayo hupanda.

Mimi sijaacha kuyala. Nimeyafanya kuwa ya ladha, siyo ya kila karai. Lakini ninapoona mtu anauziwa chupa kwa ahadi kwamba itamtibu kisukari, presha au virusi, na anaacha vidonge vyake nyumbani, roho inaniuma kweli. Hakuna aina kati ya hizi tatu inayofanya kazi hiyo. Mwenye kolesteroli ya juu azungumze na daktari wake kabla ya kununua hata ile ya bei kubwa, kwa sababu neno "virgin" halipunguzi mafuta yaliyoshiba hata gramu moja.

Kwa hali yako

Una mtoto mchanga au ngozi kavu inayowasha: chupa ndogo ya mafuta ya baridi, jaribu kwanza kidogo mkononi kwa siku moja, ifunge kila ukimaliza. Kama unamjua anayepika na unajua aliyapika lini, ya kupika mapya yanatosha.

Unahangaika na nywele tu: chochote kilicho safi. Fedha iliyobaki nunua kitana chenye meno mapana.

Unauza vitumbua na wateja wanafuata harufu: ya kupika, yachuje mara mbili ili mashapo yasiungue kwenye tundu. Unauza chipsi au samaki wa kukaanga: ya kiwandani yanavumilia, ila kwa ulaji wa kila siku nyumbani mafuta ya alizeti ni mepesi zaidi kwa moyo.

Unatengeneza sabuni: ya kiwandani, au yale ya mbata yasiyosafishwa. Kilo moja ya mafuta inataka kama gramu 170 za kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) ukitaka kubakiza mafuta kidogo ndani ya sabuni. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kikombe, na kostiki ndiyo imwagwe kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki. Sabuni ya nazi hutoa povu hata kwa maji ya chumvi, ndiyo maana wanaoteka visima vya karibu na bahari huipenda. Ikiwa nazi tupu hukausha ngozi, changanya na mawese.

Unataka kuanza kutengeneza ya kuuza na mtaji ni mdogo: anza na ya kupika, ujifunze kusikia ukimya. Ukihamia kwenye ya baridi, fedha ya kwanza itumie kwenye vyombo vya kioo na namna ya kukausha mafuta. Lebo ije baadaye. Kama unakaa sehemu ya baridi, Lushoto kwa mfano, kuchachua kutakusumbua bila sanduku lenye joto.

Na wewe shoga yangu wa Arusha: chupa ya kioo chukua iliyo ndogo kuliko zote, iwe ya mtoto peke yake. Ya mama wa Tanga yayeyushe kwenye maji ya vuguvugu, tazama chini, nusa. Yakiwa hayana maji wala uchachu ni ya nywele zako na ya vitumbua. Galoni iache hapo hapo mpaka siku utakayotaka nikufundishe sabuni. Na ukiweka salio, nipigie, nikwambie unga wa vitumbua unalazwa muda gani kwenye baridi hiyo ya kwenu.